Picha Uliyonitoa

Mwanangu Roza,

Nakuandikia ukiwa chumba cha pili. Nakusikia ukivuta zipu ya begi, ukiifungua tena, ukivuta tena. Kumwandikia barua mtu aliye nyuma ya ukuta ni jambo la kuchekesha, lakini wewe na mimi hatujazungumza sawasawa tangu Jumanne iliyopita, na basi la Dar la kesho alfajiri halitangoja tupatane. Mama yako amekwisha kukueleza habari za chandarua, za kufunga dirisha, na za shangazi yako wa Temeke ambaye ni lazima ukamwamkie kila Jumapili hata kama hana la kukuambia. Hayo siyarudii.

Nimejaribu kutafuta neno dogo kuliko kusaliti. Nimejaribu kuteleza, nimejaribu kusahau, nimejaribu haraka za kazi. Hakuna lililokaa. Unajua mimi na maneno. Miaka yote ile kwenye kiwanda cha chapa cha misheni nilikuwa nikiyapanga kwa mkono, herufi moja moja za madini ya risasi, zikiwa kichwa chini, na neno lisilotosha mahali pake vidole hulijua kabla ya macho. Linalotosha hapa ni lile lile. Umenisaliti, mama. Nimeliandika sasa.

Lakini acha nianze na yaliyokuwa mazuri, maana yalikuwepo.

Ulipokabidhiwa kazi ya kutengeneza kurasa za intaneti za ule mkutano wa wataalamu wa bonde la mto wetu, ulirudi kutoka ofisini umebeba karatasi zilizochapwa upande mmoja, ukazitandaza mezani, ukaanza kuchora visanduku kwa penseli upande mweupe. Nilidhani unachora ramani ya nyumba. Ukaniambia kila kisanduku ni ukurasa, na mistari ni njia za kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, na kwamba mtu aliye Nairobi au Uholanzi atauona mkutano wetu kwenye kompyuta yake kabla hajaamua kupanda ndege.

"Baba," ukasema, "wewe umetengeneza kadi za mialiko maisha yako yote. Mtu akipewa kadi anatafuta nini kwanza?"

"Jina lake."

Ukacheka. "Halafu?"

"Nani anamwalika. Halafu siku. Halafu mahali. Halafu anageuza nyuma kuona kama ameandikiwa mchango."

"Hii haina nyuma, Baba."

"Basi watu watakuja wengi."

Tulikaa na karatasi zile jioni nyingi. Sijui kama ulitambua, lakini nilikuwa sijafurahi hivyo tangu kiwanda kilipofungwa. Ulinifundisha kwamba siku na mahali lazima vionekane mara tu ukurasa unapofunguka, bila mtu kutafuta, kwa kuwa anayesoma analipia simu na uvumilivu wake ni mfupi. Ulinifundisha kwamba picha zina uzito, jambo ambalo sikuliamini mpaka ulipokasirika. Mimi nilikupa ukurasa wa safari. Ulikuwa umeandika tu kwamba wageni wapande basi la Ifakara. Nikakuambia mgeni haogopi safari ndefu, anaogopa safari asiyoambiwa. Mwambie kwamba baada ya Kidatu atakula vumbi. Mwambie avae shati la rangi ya udongo. Mwambie dereva atasimama kununua mkungu wa ndizi, na hiyo si dalili ya ajali. Uliyaandika yote, hata ndizi, na nikasikia baadaye kwamba wageni wawili waliandika kushukuru.

Siku moja ukaniletea karatasi za Kiswahili nikusahihishie. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama zamani. Kwenye siku ya tatu ya mkutano palikuwa na mstari mmoja mfupi: matembezi ng'ambo ya mto, kuona mbuga na wanyama, kuvuka kwa pantoni la Kivukoni. Niliongeza alama ya mkato. Sikuuliza ng'ambo ipi. Sikuuliza kwa nini hukuniletea za Kiingereza, ilhali unajua Kiingereza nakisoma kuliko wengi wa kamati ya mkutano. Hilo ni kosa langu na nalibeba. Nilikuwa mtu aliyeombwa ushauri na mwanawe msomi, na mtu wa namna hiyo hageuzi karatasi. Jumapili ile, baada ya misa, niliwaambia watu watatu kwamba binti yangu anaiandikia dunia.

Jumanne ulisahau chakula chako. Nikakiweka kwenye hotipoti nikakuletea ofisini. Ulikuwa umekwenda stendi kumpa kondakta diski ya kupeleka Dar, kwa ile kampuni inayoziweka kurasa zako kwenye mtandao. Ludovick, katibu wa kamati, akanikuta mlangoni.

"Shikamoo, Mzee. Ingia, ingia ndani uone binti yako anavyotutangaza."

"Marahaba. Nione kwa nini, Ludo? Miwani yenyewe ni ya kusomea misale kanisani."

"Mashine hii ina herufi kubwa kuliko misale. Kaa hapa. Usiguse kitu, ukigusa tu inapiga simu Ulaya."

Nikaketi kwenye kiti chako. Ukurasa ulifunguka kama pazia linaloshushwa polepole, kutoka juu kwenda chini. Jina la mkutano. Siku. Mahali. Nikaona fahari. Ludovick akabonyeza palipoandikwa matembezi, na picha ikaanza kushuka. Kwanza anga. Kisha vichwa vya miti ya mivumo. Kisha majani marefu, na ndani yake swala sheshe mmoja amegeuza shingo kututazama. Nikamjua yule sheshe, Roza. Nilijua hata kwa nini amegeuza shingo: nilikuwa nimekohoa.

Chini ya picha yaliandikwa kwa Kiingereza maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya: siku ya tatu mtatembelea pori ambalo halijawahi kukaliwa na binadamu.

Ludovick akasema, "Pazuri, eh?"

Nikasema, "Pazuri sana." Nikaweka hotipoti mezani kwako nikaondoka.

Nakuandikia habari za picha hiyo kana kwamba huijui, lakini naiandika kwa ajili yangu. Uliipiga mwenyewe, mwaka juzi, kwa kamera uliyoazima ofisini, siku tuliyokwenda kufyeka kaburi la mama yangu kule Lugonga, kijijini kwetu ng'ambo ya mto. Tulivuka asubuhi. Wewe ulikuwa unalalamika kwamba viatu vyako vitaharibika, nami nikakuambia bibi yako alizaliwa, akaolewa na akafa bila kulijua tatizo hilo. Tulipofika pale palipokuwa na mlango wetu ulisimama, kama nilivyokuzoesha tangu ukiwa mdogo, ukapiga hodi kwa majani matupu. Ukangoja. Nami nikaitikia karibu kwa niaba ya wenye nyumba. Watu wa Lugonga wote tunafanya hivyo, kila mmoja mahali mlango wake ulipokuwa. Wanaotuona wakipita wakienda kuvua hudhani tumechanganyikiwa. Hakuna anayeingia nyumba ya mama yake bila hodi, iwe na kuta au isiwe nazo.

Kwenye picha nzima, ile ya karatasi ambayo mama yako ameibandika kwenye kioo cha kabati, mimi niko upande wa kushoto, nimeinama na panga. Nyuma yangu ni mndimu. Mndimu hauoti wenyewe porini. Mama yangu aliupanda nyuma ya jiko kwa sababu hakuweza kula kambale bila ndimu, na ulibaki pale sisi tulipopakiwa kwenye malori wakati wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Sheshe yuko kulia, mbali. Wewe ulichukua kulia ukaacha kushoto.

Uliporudi jioni ile mama yako alikuwa akipepeta mchele uani.

"Uliandika wewe?" nikakuuliza.

"Kamati ilipitisha, Baba."

"Sikuuliza nani alipitisha."

Kisha ukasema, "Niliandika mimi. Wageni wa namna hii wanapenda pori, Baba. Ukiwaambia palikuwa na kijiji wataanza maswali, nani aliwahamisha, kwa nini, na mkutano wenyewe ni wa siku tatu tu. Kamati isingekubali."

"Uliwauliza?"

"Hapana."

"Na picha?"

"Picha ilikuwa nzito. Nzima ingechukua muda mrefu kufunguka, watu wangeondoka kabla haijaisha. Nilikata ili iwe nyepesi."

"Kwa hiyo uzito ulikuwa mimi."

"Baba, usifanye hivyo."

Mama yako akasema, "Nyie wawili, mnanipigia kelele mchele umwagike. Mwenye njaa akae, asiye na njaa aende akagombane barabarani." Siku nyingine tungecheka.

Nimefikiri sana juu ya kinachoniuma. Si kwamba wageni watadanganywa; wageni hudanganywa kila mahali na hurudi kwao wakiwa na furaha. Kinachoniuma ni kwamba uliandika habari mbili. Aliye mbali ulimpa pori. Mimi ulinipa mbuga na wanyama na alama ya mkato ya kuongeza. Ulijua hasa mstari upi nisiuone. Mtu asiyejua hakati picha mahali pale pale. Angekuwa mgeni ameandika, ningesema hajui, ningekwenda kumweleza. Wewe umepewa jina la mwanamke aliye chini ya nyasi zile. Ukamwandika kwamba hajawahi kuwepo.

Hapa ndipo ninaposhindwa kuendelea kukushtaki kwa sauti kubwa, kwa sababu nakumbuka ukiwa darasa la nne. Mwalimu aliwaagiza mchore ramani ya kwenu. Wewe ulichora mto, ukachora Lugonga ng'ambo yake, ukachora na mndimu, mkubwa kuliko nyumba. Nilipouona mchoro nikakuambia ufute, uchore Ifakara. Ukauliza kwa nini, maana kwetu ni kule. Nikasema watu wanaozungumzia mahali walipotolewa huonekana wakaidi, na mimi nina kazi, na wewe una shule. Ulifuta ukiwa umekunja uso. Karatasi ikatoboka pale Lugonga ilipokuwa, ukalia kwa sababu ya karatasi. Nilikuwa na woga siku hizo, na woga wenyewe haukuwa wa bure. Lakini ulipokua na woga ukapungua nchini, sikukurudia kukwambia sasa chora. Nilikupeleka kufyeka, nilikufundisha hodi, nikadhani yatosha. Sasa naona nilikulea kuamini kwamba Lugonga ni kitu cha kufanywa kimya, upande wa pili wa mto, kisha unarudi mjini unanyamaza.

Hilo nakupa kama habari. Si fidia. Mtoto wa miaka kumi hufuta kwa kuwa baba yake kasema. Mwanamke mzima mwenye ofisi amefuta kwa kuwa ingependeza.

Na imependeza. Kampuni ile ya Dar iliziona kurasa zako zilipokuwa zikipita mikononi mwao kwenye diski, ikakuita kazini. Kwa hiyo kesho unapanda basi ukibebwa na kazi ile ile. Nimejiuliza kama ni haki yangu kuiharibu furaha hiyo. Nikaamua kwamba ningeiharibu zaidi kwa kukuchekea stendi.

Huko utatengeneza kurasa za semina, za maonyesho, za mikutano ya wakubwa, labda na za harusi za watu wenye haraka. Utakuwa hodari. Jicho lako ni zuri, na hupendi maneno mengi. Kwa hiyo nitakueleza kosa langu moja la kazi, maana makosa ya kazi nayajua kuliko ya maisha.

Niliwahi kuchapa kadi za harusi ya familia moja ya Mahenge, na mbele ya jina la babu yake bwana harusi nikaweka neno marehemu. Hakuna aliyeniambia amekufa. Nilikuwa nimezoea tu kwamba mababu wa kwenye kadi ni marehemu. Kadi zikasambazwa. Siku chache baadaye mzee mmoja akaingia kiwandani na fimbo yake, akavua kofia.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. "Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Mimi ndiye marehemu. Nimekuja kuuliza kama na kaburi mmelichapa, au nikachimbe mwenyewe."

Wenzangu walicheka mpaka mashine ikasimamishwa. Yeye hakucheka. Akatoa kadi, akaniwekea kidole juu ya neno lile, akakaa kwenye benchi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaniambia kwamba jirani yake alipoisoma alimtazama yeye, kisha akaitazama kadi, kisha akamtazama yeye tena, na kwa kitambo kidogo ilionekana kadi inashinda. Maneno hayo hayajaniacha. Mimi nilichukua baiskeli na kalamu nyeusi, nikazunguka nyumba kwa nyumba, Ifakara yote mpaka Kivukoni, nikiomba kadi na kufuta neno moja. Wengine walidhani naongeza mchango.

Wewe huhitaji baiskeli. Hilo ndilo nililolistaajabia zaidi ulipokuwa ukinifundisha: kwamba ukurasa ukikosewa, unaurekebisha ukiwa umeketi, na kila mwenye kuufungua baada ya hapo anaona uliorekebishwa, kana kwamba ulizaliwa hivyo. Wakati ule nilikuonea wivu. Lakini kuna upande mwingine ambao hukuniambia, nikaujua kwa Ludovick. Nilimuuliza kurasa zitakwenda wapi mkutano ukiisha. Akasema haziendi popote, zitakaa palepale, mtu akizitafuta baada ya miaka atazikuta. Kadi zangu, shughuli ikipita, ziliwasha majiko. Kosa langu kubwa kuliko yote liliishi majuma mawili. Lako litakuwa likisema pori halijawahi kukaliwa hata siku ambayo mimi mwenyewe nitakuwa nimelazwa kando ya mndimu ule, na mtu wa mbali atamwamini nani?

Ulipochora visanduku vyako ulimfikiria anayekuja, ukamfikiria anayesita kuja, ukamfikiria hata mwandishi wa gazeti asiyekuja lakini anataka habari. Wote uliwapa njia yao na ukurasa wao. Aliyesahauliwa ni yule ambaye mkutano unakwenda kukanyaga kwake. Huyo hakuchorewa kisanduku. Naye ndiye pekee anayewajibika kuitikia mtu akipiga hodi. Huko Dar wakikuletea kazi, kabla hujauliza shughuli ni ya lini, uliza ni nyumbani kwa nani. Sikwambii kama sheria. Ni swali ambalo ningelipenda kuwa nimekuuliza mimi, ile jioni ya penseli.

Sasa neno la mwisho, na hili ni la kutenda.

Jana nilikwenda kwa Ludovick. Nikamwambia habari za Lugonga, zote, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu wa ofisi. Alisikiliza vizuri. Kisha akakuna kichwa. "Mzee, ningeijua mapema... Sasa ratiba imeshatoka duniani." Nikamwambia sikuja kuomba kuingizwa kwenye ratiba. Akauliza nimekuja kuomba nini. Nikasema sijaja kuomba.

Siku ya tatu ya mkutano nitavuka kwa mtumbwi mapema, kabla ya pantoni lao. Mjomba wako Karoli atavuka nami, na wengine wa Lugonga walioko hapa mjini wamesema watakuja, kila mmoja asimame mlangoni kwake. Sitahutubia. Wageni watakaposhuka kuliona pori, watatukuta. Nitawasalimia, nitawakaribisha, nitawaonyesha wapi palikuwa jiko na wapi palikuwa kisima, na wakitaka kumwona sheshe nitawaonyesha naye, maana yupo. Ni watu waliosoma. Mmoja wao atauliza mbona ukurasa ulisema vile. Nitamjibu kwamba mimi sikuuandika, na kwamba jina la mwandishi na anwani yake viko chini kabisa ya kila ukurasa, na ni mwanangu, na hujibu barua kwa adabu. Atakuandikia. Utaifungua barua hiyo mezani kwako, ukiwa na wenzako wapya pembeni.

Ludovick ameniambia kwamba neno la siri la kurasa zile bado unalo wewe peke yako mpaka mkutano uishe. Kwa hiyo una siku za kutosha, na huko kampuni hutahitaji hata kondakta wa kubeba diski. Sikuombi ubadilishe chochote. Ukibadilisha kwa kuwa nimekuomba, utakuwa umenitii tu, na utii wako nimekuwa nao tangu darasa la nne, nimeona ulikotufikisha.

Kesho nitakuja stendi, na begi nitabeba mimi hata ukikataa. Huenda nisiwe na maneno mengi pale, kwa hiyo yasome haya njiani, ukishapita Kidatu, barabara ikiwa nzuri. Baraka zangu zote unaondoka nazo, sikubakiza hata moja nyumbani. Msamaha bado haujafika. Nimeuangalia tena sasa hivi kabla ya kukunja karatasi, na sitaki nikudanganye kwamba umo ndani ya bahasha.

Ni mimi baba yako,
Fidelis